Vipuri kuukuu vya magari ya kasi: Yapasayo kujulikana na muuzaji na mnunuzi

KWA mkazi wa Tseikuru, mji mdogo ulioko kaskazini mwa Kaunti ya Kitui, kipuri cha gari si kitu cha kununuliwa leo na kurudishwa dukani kesho yake endapo kitakataa kuingia.

Kipuri kinachoagizwa kutoka Nairobi hupakiwa ndani ya basi au matatu, kikapitia Thika na Matuu hadi Mwingi, kisha kikaiacha barabara kuu ya Garissa na kushika njia ya Kyuso. Kikifika kikiwa kibovu, nauli imekwenda, siku za fundi zimekwenda na gari bado limelala juu ya mawe.

Hali hii humpata kila mwenye gari anayeishi mbali na miji mikubwa. Lakini humwelemea zaidi mpenzi wa magari ya kasi, yaani yule mwenye Subaru Impreza, Mitsubishi Lancer Evolution au gari la kazi lililoimarishwa kwa safari za nyika. Vipuri anavyovitafuta havipatikani katika kila duka, na aghalabu humlazimu kuvinunua kutoka kwa mpenzi mwenzake ambaye amevitumia, akavichoka au akabadilisha gari.

Biashara hii ya kuuziana vipuri baina ya wapenzi wa magari ina faida kwa pande zote mbili. Muuzaji hurejesha sehemu ya fedha alizotumia, naye mnunuzi hupata kwa bei nafuu kitu ambacho kingemgharimu mara kadhaa kikiwa kipya. Hata hivyo, ni biashara yenye mitego mingi, na baadhi ya mitego hiyo huweza kumtia mtu gerezani au kaburini.

Maana ya vipuri hivi

Vipuri vya kasi ni vile vinavyobuniwa kuongeza nguvu za gari, kuimarisha ushikaji wake wa barabara, kulisimamisha upesi au kulipa uwezo wa kustahimili mashimo na mawe.

Miongoni mwavyo ni tabo, chombo kinachozungushwa na moshi wa injini ili kusukuma hewa nyingi zaidi ndani ya silinda. Vingine ni intakula ya kupoza hewa hiyo, bomba la moshi lenye kipenyo kikubwa, klachi nzito, difu ya kufunga, breki zenye diski pana, springi na shokamzoba za kazi ngumu, rimu nyepesi, na bamba la chuma la kukinga tumbo la injini.

Kundi la pili ni vipuri vya kawaida kutoka kwa magari ya kasi. Hivi havikutengenezwa kwa ajili ya mashindano, bali vilitoka kiwandani vikiwa bora kuliko vya magari madogo ya aina hiyo hiyo. Mfano ni breki za Impreza ya tabo zinapowekwa kwenye Impreza isiyo na tabo.

Kundi la tatu ni vifaa vya mashindano yenyewe kama vile viti vya kumkumbatia dereva, mikanda ya usalama yenye ncha nne au zaidi, na kizimba cha mabomba ya chuma kinachomlinda dereva gari linapobingirika. Kundi hili lina masharti yake, kama itakavyoelezwa.

Chimbuko la mapenzi haya

Mapenzi ya Wakenya kwa magari ya kasi hayawezi kutenganishwa na mashindano ya Safari Rally. Mashindano hayo yalianzishwa mwaka wa 1953 kwa jina la Coronation Safari, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza, na yakapitia Kenya, Uganda na Tanganyika.

Yaliingizwa katika mashindano ya ubingwa wa dunia mwaka wa 1973, yakaondolewa baada ya mwaka wa 2002, na kurejeshwa mwaka wa 2021 yakiwa na makao yake Naivasha.

Historia ya mashindano hayo ina mfano mzuri wa thamani ya kitu kilichotumika. Mwaka wa 1965, Joginder Singh na nduguye Jaswant walishinda wakiendesha Volvo PV544 ambayo haikuwa mpya. Gari hilo lilikuwa limekwisha kutumiwa na timu ya kiwanda katika Safari ya mwaka uliotangulia.

Joginder hakuwa dereva tu bali pia fundi, na siri ya ushindi huo ilikuwa katika utengenezaji. Gari kuukuu lililofunguliwa, likakaguliwa na kufungwa upya kwa makini liliyashinda magari mapya. Baadaye aliongeza ushindi mwingine mara mbili, mwaka wa 1974 na 1976, akiendesha Mitsubishi Lancer.

Katika miaka ya tisini, majina mawili yaliteka nyoyo za vijana. Tommi Mäkinen alishinda Safari mwaka wa 1996 akiwa katika Lancer Evolution, naye Colin McRae akashinda mwaka wa 1997 akiendesha Subaru Impreza. Dereva Mkenya Patrick Njiru naye alikuwa amekwisha kulifanya jina la Subaru kuwa la nyumbani.

Tangu wakati huo, Impreza na Evolution zimekuwa ndizo nguzo za soko la vipuri vya kasi nchini. Magari yote mawili yalianza kuuzwa mwaka wa 1992, na Mitsubishi ilikoma kuitengeneza Evolution mwaka wa 2016.

Kwa nini soko la vipuri kuukuu lipo

Sababu ya kwanza ni sheria. Kwa mujibu wa kanuni ya ubora inayojulikana kama KS 1515:2000, gari lililotumika haliruhusiwi kuingizwa Kenya likiwa limepitisha miaka minane tangu kusajiliwa kwa mara ya kwanza. Aidha, sharti usukani wake uwe upande wa kulia.

Maana yake ni kwamba Impreza na Evolution za miaka ya tisini zilizomo nchini ndizo hizo hizo. Haziongezeki, ila hupungua kila moja inapoanguka au kuozeana. Anayetaka kuitunza yake hana budi kutegemea vipuri kutoka kwa zile zilizokufa.

Uganda ilipitisha sheria kama hiyo mwaka wa 2018, ikipiga marufuku uingizaji wa magari yaliyotimiza miaka 15 au zaidi. Kwa hivyo, hata soko mashuhuri la Kisekka jijini Kampala hutegemea zaidi magari yaliyopasuliwa na makasha ya vipuri kutoka ng'ambo.

Sababu ya pili ni gharama. Vipuri vipya vya kasi hutengenezwa kwa uchache nchini Japani, Uingereza, Australia na Marekani, na vinapofika Mombasa hulipiwa ushuru na ada nyinginezo.

Sababu ya tatu ni tabia ya wapenzi wenyewe. Mtu huimarisha gari lake kidogo kidogo, na kila anapopiga hatua, kipuri cha awali hubaki bila kazi. Tabo iliyotosha jana huonekana ndogo leo, na rimu za mwaka jana hupoteza mvuto. Vitu hivyo hurundikana nyuma ya nyumba hadi apatikane wa kuvichukua.

Vinakotoka

Njia kuu ni tatu. Ya kwanza ni bandari ya Mombasa, ambako huingia makasha yenye injini, giaboksi na nusu za mbele za magari zilizokatwa, ambazo wafanyabiashara huziita nosikati. Mengi ya makasha hayo hutoka Japani, na mengine hupitia Dubai na Sharjah katika Falme za Kiarabu.

Nosikati hupendwa kwa sababu injini huja pamoja na nyaya zake, redieta, taa na kisanduku cha kompyuta kinachoiongoza. Mnunuzi hahitaji kuhangaika kutafuta kipande kimoja kimoja.

Njia ya pili ni maduka na gereji za jijini Nairobi, hasa eneo la Barabara ya Kirinyaga ambalo wengi bado huliita kwa jina lake la zamani, Grogan. Huko, fundi anaweza kupata kuanzia nati ya gurudumu hadi injini nzima.

Njia ya tatu, ambayo ndiyo kiini cha makala haya, ni mkono kwa mkono kati ya mpenzi wa magari na mwenzake. Faida ya njia hii ni kwamba historia ya kipuri hujulikana. Muuzaji anaweza kueleza kilifungwa lini, kilitembea kilomita ngapi, kilitiwa mafuta gani na ni kwa nini kilifunguliwa. Dalali wa sokoni hana habari hizo.

Je, kitaingia?

Kosa linalowapotezea watu fedha zaidi si kununua kipuri kibovu, bali kununua kipuri kizima kisicholingana na gari.

Rimu ni mfano wa kwanza. Impreza nyingi za zamani zina tundu tano zilizopangwa kwa duara la milimita 100, ilhali Lancer Evolution nyingi hutumia tundu tano kwenye duara la milimita 114.3. Toyota Hilux ina tundu sita kwenye duara la milimita 139.7, na Probox ina tundu nne kwenye duara la milimita 100. Muuzaji anayetangaza rimu bila kutaja vipimo hivi, pamoja na upana na kina chake, hajasema lolote.

Mfano wa pili ni giaboksi za magari yanayoendeshwa na magurudumu yote manne. Kwa kawaida, uwiano wa gia ya mwisho ndani ya giaboksi ya Subaru hauna budi kulingana na ule wa difu ya nyuma. Mtu akifunga giaboksi ya uwiano wa 4.44 na kuacha difu ya 4.11, magurudumu ya mbele na ya nyuma yatavutana, na difu ya kati itaungua baada ya muda mfupi. Ndiyo maana muuzaji mwaminifu huuza giaboksi na difu yake pamoja, au huandika wazi uwiano wake.

Tatu ni kompyuta ya injini. Vifaa hivi hubadilika kutoka toleo moja hadi jingine, na viunganishi vya nyaya vinaweza kufanana kwa macho ilhali kazi zake ni tofauti. Namba iliyoandikwa juu ya kisanduku ndiyo ya kuaminiwa, wala si rangi au umbo lake.

Kanuni ya jumla ni rahisi. Kabla ya fedha kutumwa, mnunuzi apewe namba ya kipuri, aina na mwaka wa gari kilikotoka, na namba ya fremu ya gari hilo. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayana namba ndefu ya tarakimu na herufi 17 kama ya Ulaya. Huwa na herufi za aina zikifuatiwa na namba, mathalani zile zinazoanza na GC8 kwa Impreza ya kizazi cha kwanza.

Namna ya kukagua

Injini ipimwe mgandamizo wa kila silinda. Muhimu si namba kubwa tu, bali usawa. Silinda moja ikiwa chini ya zile nyingine kwa zaidi ya asilimia 10 hivi, fundi hana budi kutilia shaka ringi, vali au gasketi. Kifuniko cha mafuta kifunguliwe, na kikionyesha utando mweupe kama maziwa, huenda maji yamechanganyika na mafuta.

Injini iliyonunuliwa haifai kufungwa kabla ya kubadilishwa mkanda wa taimingi, pampu ya maji na sili za mafuta. Katika injini ya Subaru ya EJ20 yenye tabo, mkanda huo ukikatika vali hugongana na pistoni, na akiba yote ya mnunuzi huisha kwa sekunde moja.

Tabo ishikwe kwa vidole na kutikiswa. Mchezo mdogo wa pembeni si ajabu, lakini mhimili ukivutika mbele na nyuma, au mapezi yakiwa yamekwaruza ukuta wa nyumba yake, tabo hiyo imechoka. Mapezi yaliyokatika ncha ni ishara kuwa ilimeza mchanga au kipande cha chuma.

Diski za breki huandikwa pembeni unene wa chini kabisa unaoruhusiwa. Mnunuzi apime kwa kipimo cha fundi, wala asiridhike na kutazama kwa jicho. Diski iliyofikia kiwango hicho ni chuma chakavu hata ikiwa inang'aa.

Shokamzoba zinazotoka mafuta zikataliwe. Zile zilizo nzima zinunuliwe kwa jozi, kwani kuweka nzima upande mmoja na dhaifu upande wa pili hulifanya gari kuvuta kando dereva anapofunga breki.

Tairi zina tarakimu nne ubavuni zinazoonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa. Tairi yenye 2319 ilitengenezwa katika wiki ya 23 ya mwaka wa 2019. Kina cha meno hakitoshi kuthibitisha uzima wake, kwa sababu mpira huzeeka na kupasuka hata bila kutembea.

Rimu nazo zizungushwe ili kuona kama zimepinda, na zikaguliwe upande wa ndani ambako nyufa na alama za kuchomelewa hufichwa.

Visivyofaa kuuziana

Kuna vitu ambavyo mpenzi wa magari anayemjali mwenzake hapaswi kumuuzia, hata akibembelezwa.

Cha kwanza ni mifuko ya hewa ya kumkinga dereva. Hakuna fundi wa kawaida anayeweza kuthibitisha kuwa mfuko uliotolewa katika gari jingine utafunguka wakati wa ajali, au kwamba hautafunguka pasipo ajali.

Cha pili ni mikanda ya usalama iliyokwisha kumzuia mtu katika ajali. Nyuzi zake huwa zimevutika, na nguvu zake haziwezi kurudi.

Viti na mikanda ya mashindano iliyoidhinishwa na shirikisho la kimataifa la michezo ya magari, FIA, huwa na lebo yenye tarehe. Tarehe hiyo ikipita, vifaa hivyo havikubaliwi tena katika mashindano yanayosimamiwa kwa kanuni hizo. Muuzaji anayeing'oa lebo hiyo ili kuficha umri anamfanyia mwenzake hila mbaya.

Kofia ya dereva iliyogongwa nayo haifai tena, hata kama ganda la nje halina alama.

Hatimaye kuna boljointi, fimbo za usukani, pedi za breki na mabomba ya mpira ya breki. Vitu hivi huchakaa vikifanya kazi, na tofauti ya bei kati ya kipya na kilichotumika haitoshi kulipia uhai wa mtu. Boljointi ikichomoka kwenye mteremko, gurudumu hulala ubavu na dereva hubaki ameshika usukani usioongoza kitu.

Sheria inasemaje

Suala la kwanza ni umiliki. Kwa miaka mingi, wizi wa vioo vya kando, taa na vifaa vingine vya magari umewasumbua wenye magari jijini Nairobi, kiasi cha wengi kuchora namba za usajili juu ya vioo na taa zao. Kioo au taa iliyosuguliwa mahali ambapo namba huchorwa ni dalili ambayo mnunuzi hapaswi kuipuuza.

Sehemu ya 322 ya Kanuni ya Adhabu ya Kenya inatamka kuwa mtu anayepokea au kushughulikia mali ya wizi, akijua au akiwa na sababu ya kuamini kuwa ni ya wizi, anaweza kufungwa hadi miaka 14. Bei ya chini kupita kiasi ni mojawapo ya mambo yanayoweza kumfanya mtu aulizwe ni kwa nini hakushuku.

Suala la pili ni haki za mnunuzi. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inachukulia kuwa kila muuzaji anayo haki ya kuuza anachokiuza, na kwamba kitu kinachouzwa kwa maelezo kitalingana na maelezo hayo. Masharti hayo humhusu hata mtu binafsi anayeuza kipuri kimoja kutoka nyumbani kwake.

Lakini sharti la ubora humhusu hasa yule ambaye biashara yake ni kuuza bidhaa za aina hiyo. Tena, mnunuzi aliyekikagua kitu hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi wake ulipaswa kuigundua. Kwa sababu hiyo, anayenunua kutoka kwa mpenzi mwenzake anahitaji maelezo ya maandishi kuliko anayenunua dukani.

Suala la tatu ni injini. Injini ikibadilishwa, namba yake hutofautiana na ile iliyo katika hati ya umiliki wa gari, ambayo wengi huijua kama logibuku. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inamtaka mwenye gari kuarifu mamlaka ya usajili, ambayo sasa ni Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama, NTSA, mabadiliko kama hayo yanapofanywa. Stakabadhi zinazoonyesha injini ilikotoka ni muhimu, na muuzaji asiyezitoa anamwachia mnunuzi gari lisiloweza kuuzwa kwa amani.

Bima nayo isisahauliwe. Mwenye gari aliyeongeza nguvu za injini bila kuiarifu kampuni yake anaweza kupata kuwa dai lake linapingwa siku ya ajali, siku ambayo analihitaji zaidi.

Kwa wanaopasua magari na kuuza mabaki yake kama chuma, Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015 inawataka wafanyabiashara hao kuwa na leseni. Serikali ilionyesha ukali wake Januari 2022 iliposimamisha biashara hiyo yote kufuatia uharibifu wa miundo msingi ya umeme, kabla ya kuiruhusu tena baadaye mwaka huo.

Bidhaa bandia zinasimamiwa na Sheria ya Kupambana na Bidhaa Ghushi ya 2008. Rimu zenye majina ya watengenezaji mashuhuri wa Japani huigwa sana, na za kuigwa huweza kupasuka zinapogonga shimo. Kuziuza kama za asili ni kosa, na kuziuza kwa wazi kama nakala hakuondoi hatari.

Wajibu wa muuzaji

Muuzaji anayetaka jina lake libaki jema husafisha kipuri, lakini hakipaki rangi. Rangi mpya juu ya injini kuukuu huwafanya wanunuzi wajiulize kilichofichwa.

Hupiga picha za pande zote, ikiwemo ile yenye kasoro. Huandika namba ya kipuri, gari kilikotoka, muda kilichotumika, sababu ya kukiuza na kisichokuwepo, kwa mfano boliti, nyaya au vishikizo. Vitu hivyo vidogo ndivyo huzua ugomvi mkubwa.

Bei hupangwa kwa kuangalia bei ya kipya, umri, uchache wake sokoni na gharama ya kukirekebisha. Tabo inayohitaji kufunguliwa haiwezi kuuzwa kwa bei ya ile inayofungwa na kutumika mara moja. Aidha, fedha ambazo muuzaji alizitumia alipokinunua si kipimo cha thamani yake ya leo.

Cha kuuziwa mtu wa mbali kielezwe zaidi ya cha kuuziwa jirani. Aliyeko Nairobi anaweza kuja kukitazama. Aliyeko Tseikuru anategemea ulimi wa muuzaji, na kama wasemavyo wahenga, muungwana ni vitendo.

Malipo na usafirishaji

Tangu huduma ya M-Pesa ilipoanzishwa mwaka wa 2007, umbali si kizuizi tena cha malipo. Lakini urahisi huo umeleta ulaghai wake. Ujumbe mfupi wa kughushi unaweza kufanana sana na wa kweli, kwa hivyo muuzaji hutazama salio lake mwenyewe kabla ya kukitoa kipuri.

Mnunuzi naye ajihadhari na kutuma fedha zote kwa mtu asiyemjua. Njia ya kawaida ni kumtuma ndugu au fundi anayeaminika akikague, kisha alipe palepale. Ikishindikana, hulipwa sehemu ya bei ili kukizuia, na inayobaki hulipwa kipuri kinapokabidhiwa ofisi ya basi na stakabadhi kutolewa.

Injini na giaboksi zimwagwe mafuta kabla ya kusafirishwa, matundu yote yazibwe, na zifungwe juu ya ubao. Taa na vioo vifungwe kwa blanketi kuukuu. Tabo izibwe midomo yote, kwa maana punje ya changarawe ikiingia njiani, itaiharibu siku ya kwanza injini itakapowashwa.

Mazingira ya Tseikuru

Nchi ya Tseikuru ni kavu, yenye joto, vumbi na mito ya mchanga ambayo hukauka kwa miezi na kufurika mvua inaponyesha. Mazingira hayo yana uamuzi wake kuhusu kipuri kipi kinafaa.

Springi fupi zinazoliinamisha gari, ambazo hupendeza kwenye lami ya jijini, huko hugeuka kuwa balaa. Rimu pana zenye tairi nyembamba ubavuni hupinda mapema. Chujio la hewa lililo wazi, linalopendwa kwa mlio wake, hukaribisha vumbi ndani ya tabo na silinda.

Vinavyofaa ni redieta kubwa na nzima, feni yenye nguvu, shokamzoba za kazi ngumu, bamba la kukinga injini, na tairi za ubavu mnene. Bushi za mpira zilizokaa juani nyuma ya gereji kwa miaka huwa zimekauka, na hufaa kubadilishwa hata kama hazijatumika.

Joto pia hudai nidhamu kwa mwenye tabo. Baada ya mwendo mkali, injini iachwe inguruma taratibu kwa dakika moja au mbili kabla ya kuzimwa, ili mafuta yaendelee kuipoza tabo. Anayeizima ghafla huyaunguza mafuta ndani ya beringi, kisha humuuzia mwenzake tabo iliyokwisha kufa bila yeye kujua.

Umbali wa mji huo na miji mikubwa pia huongeza uzito wa kila uamuzi. Gari linalobeba mgonjwa usiku kuelekea hospitali ya Mwingi au Kitui ndilo hilo hilo linalotumika kwa burudani siku ya Jumapili. Kipuri kilichouzwa bila uaminifu hakimjui dereva wa starehe wala mama mjamzito.

Kwa sababu hiyo, mpenzi wa magari anayeuza anapaswa kujiuliza swali moja kabla ya kutaja bei: je, angekifunga kipuri hiki kwenye gari litakalowabeba watoto wake? Akisita kujibu, basi mahali pa kipuri hicho ni kwenye mizani ya chuma chakavu.